Kinini cha Kivu: namna sumaku kubwa inavyosoma umbo la dawa

Katika Bukavu, Goma ama Uvira, mtu akiingia farmasi na kuomba kinini, muuzaji lazima amuulize tena: kinini cha nini? Cha kichwa, cha tumbo ama cha malaria? Kwetu neno hilo limekuwa jina la kidonge chochote. Lakini mwanzoni lilikuwa jina la dawa moja tu, ile chungu sana ambayo wazee wetu walimeza wakati wa homa na kubaki na milio masikioni.

Dawa hiyo hutoka katika ganda la mti wa kinkina. Asili ya mti huo ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji ulipandwa katika milima ya Kivu, ambako mvua na baridi ya juu viliufaa. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, Japani iliteka kisiwa cha Java, ambacho hadi siku hizo ndicho kilichouzia dunia sehemu kubwa kabisa ya kinini. Ndipo ganda la kinkina kutoka pande nyingine, Congo ikiwemo, likaanza kutafutwa kwa nguvu. Hadi leo jina la Pharmakina, kampuni ya Bukavu, linajulikana mbali kwa sababu ya kinini.

Mkulima hukata ganda, hulikausha, hulipima kwa kilo na kuliuza. Kiwandani ganda linasagwa, na mwisho wake ni unga mweupe. Hapo ndipo swali la makala hii linapoanza. Unga mweupe ni unga mweupe. Mtu anajuaje kwamba ndani yake kuna kinini, wala si kitu kingine kinachofanana nacho? Na kama ni kitu kinachofanana nacho karibu kabisa, hata idadi ya atomi zake ni ileile, nani ataona tofauti?

Kuna mashine inayoona tofauti hiyo. Kwa Kifaransa inajulikana kwa herufi tatu, RMN. Kwa Kiswahili tunaweza kusema: resonansi ya sumaku ya viini vya atomi. Haitumii darubini, na haichomi unga wala kuuvunja. Inauweka katika sumaku kali sana, kisha inasikiliza.

Hesabu ya atomi haitoshi

Chembe moja ya kinini, yaani molekuli moja, ina kaboni 20, hidrojeni 24, azoti 2 na oksijeni 2. Jumla ni atomi 48. Ndani ya ganda lilelile la kinkina kuna molekuli nyingine inayoitwa kinidini. Nayo ina kaboni 20, hidrojeni 24, azoti 2 na oksijeni 2. Uzito ni uleule. Zimeunganishwa kwa mpango uleule, kila atomi ikishikana na majirani walewale. Tofauti iko mahali pawili tu, katika kaboni mbili zinazofuatana, ambapo vipande vilivyoshikiliwa vinaelekea upande mwingine.

Mtu anaweza kufikiri kwamba hilo ni jambo dogo. Lakini hospitalini dawa hizo mbili hazikuwa na kazi moja. Kinini kilijulikana kama dawa ya malaria. Kinidini ilijulikana zaidi kama dawa ya moyo unaopiga bila mpangilio. Kinidini pia inaua kidudu cha malaria, na nchini Marekani ilidungwa kwa wagonjwa wa malaria kali hadi mwaka 2019, ilipoacha kupatikana huko. Lakini kwa sababu inagusa moyo kwa nguvu kuliko kinini, daktari alipaswa kumfuatilia mgonjwa kwa mashine ya moyo wakati wote.

Kuna mfano mwingine ulio wazi zaidi. Wanakemia walichukua kinini na kugeuza mwelekeo katika kaboni moja tu, ile inayobeba oksijeni na hidrojeni katikati ya molekuli. Atomi zilibaki 48. Lakini nguvu ya kuua kidudu cha malaria aina ya falciparum, katika majaribio ya maabara, ilishuka karibu mara mia. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Ni umbo tu lililobadilika.

Mtu wa Goma atalielewa jambo hili haraka akifikiria chukudu. Chukua mbao, magurudumu mawili, usukani na misumari. Fundi akivipanga sawa, chukudu kinashuka na magunia ya viazi. Akifunga gurudumu la nyuma likielekea pembeni, vifaa ni vilevile na uzito ni uleule, lakini chukudu hakitatembea. Kuhesabu misumari hakutakuonyesha kosa liko wapi. Lazima uone umbo.

Wanakemia wa zamani walijifunza hilo kwa taabu. Kinini kilitolewa kwenye ganda kwa mara ya kwanza mwaka 1820 mjini Paris, na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou. Mwaka 1856, kijana Mwingereza wa miaka 18, William Perkin, alijaribu kukitengeneza kwa kujumlisha atomi: alichukua vitu ambavyo, kwa hesabu ya karatasi, vingetoa idadi inayotakiwa. Hakupata kinini. Katika majaribio hayo alipata rangi ya zambarau, ambayo ilimtajirisha kwa kupaka nguo rangi. Mpango wa namna atomi za kinini zinavyoshikana ulieleweka mwaka 1908 tu, kwa kazi ya Mjerumani Paul Rabe. Na ni mwaka 2001 ndipo Gilbert Stork na wenzake, nchini Marekani, walipotangaza njia ya kukijenga kinini maabarani huku wakiongoza umbo la kila kona yake tangu mwanzo. Kutoka 1820 hadi 2001 ni miaka 181.

Neno nyuklia lisikutishe

Jina la mashine hii lina neno nyuklia, na katika nchi iliyotoa uranium ya Shinkolobwe, ambayo ilitumiwa katika bomu la Hiroshima, neno hilo halisikiki vizuri. Lakini hapa halina uhusiano na bomu, uranium wala mionzi ya kudhuru. Nyuklia maana yake ni ya kiini, yaani kile kitovu cha atomi. Katika RMN kiini hakipasuliwi. Kinageuzwa kidogo, kisha kinarudi kama kilivyokuwa.

Msomaji aliyewahi kupelekwa kwenye picha ya IRM hospitalini amekwisha kulala ndani ya ndugu wa mashine hii. IRM na RMN zinafanya kazi kwa kanuni moja. IRM hutafuta mahali maji na mafuta yalipo katika mwili ili kuchora picha ya ubongo ama goti. RMN ya wanakemia hutazama molekuli zilizoyeyushwa ndani ya kichupa kidogo ili kujua zimejengwa namna gani. Neno nyuklia liliondolewa kwenye jina la mashine ya hospitali kwa sababu liliwatia wagonjwa hofu.

Kanuni yenyewe ilionekana katika vitu vya kawaida mwishoni mwa mwaka 1945 na mwanzoni mwa 1946, katika makundi mawili ya Marekani yaliyofanya kazi kila moja peke yake: la Felix Bloch huko Stanford na la Edward Purcell huko Harvard. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1952.

Sumaku, redio na sauti za hidrojeni

Kiini cha hidrojeni kina tabia ya sumaku ndogo. Katika hali ya kawaida sumaku hizo ndogo zinaelekea kila upande. Ukiziingiza katika sumaku kubwa, zinapata mwelekeo: nyingine zinafuata sumaku kubwa, nyingine zinaipinga. Tofauti ya idadi kati ya makundi hayo mawili ni ndogo ajabu. Katika mashine ya kawaida ya maabara, kwa kila viini elfu mia moja, wanaofuata wanawazidi wanaopinga kwa viini vitatu hivi. Mashine yote inaishi kwa kura hizo tatu. Ndiyo maana sumaku lazima iwe kali: ikiwa ya tesla 9.4, ina nguvu zaidi ya mara elfu mia moja kuliko sumaku ya dunia inayogeuza sindano ya dira.

Kisha mashine inapiga mawimbi ya redio kwa muda mfupi sana. Wimbi likiwa na frekansi inayofaa, viini vinaitikia, vinainama, na vinapoanza kurudi vinatoa mawimbi yao ya redio. Mashine inayapokea, na kompyuta inayageuza kuwa mchoro wa vilima vidogo juu ya mstari. Hizi ni redio za kweli: katika sumaku ya tesla 2.35, hidrojeni inaitika kwenye megahertz 100, yaani ndani ya bendi ya FM ambamo sisi husikiliza habari. Katika tesla 9.4 inaitika kwenye megahertz 400.

Kama hidrojeni zote zingeitika kwenye frekansi moja kabisa, tusingejifunza chochote. Lakini kila hidrojeni imezungukwa na elektroni, na elektroni hizo zinaikinga kidogo dhidi ya sumaku, kama paa linavyokinga mvua. Hidrojeni iliyo karibu na oksijeni ina paa jembamba. Iliyo mbali ina paa nene. Kwa hiyo kila moja inaitika mahali pake kwenye mstari. Tofauti hizo ni ndogo, chache tu kwa kila milioni, lakini mashine inazisoma bila shida.

Mfano wa kwanza maarufu ulikuwa pombe. Mwaka 1951 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba ethanoli, pombe ileile iliyo ndani ya bia na kanyanga, haitoi kilima kimoja bali vitatu, na ukubwa wake unafuatana kama 3, 2 na 1. Ethanoli ina hidrojeni sita: tatu kwenye kaboni ya mwisho, mbili kwenye kaboni ya katikati, moja kwenye oksijeni. Mashine ilikuwa imehesabu hidrojeni kwa makundi yao. Methanoli, pombe yenye sumu inayopofusha na kuua watu, ingetoa mchoro tofauti kabisa, kwa kuwa haina ile kaboni ya pili.

Kusoma kinini kona kwa kona

Sasa turudi kwenye unga wetu wa Bukavu. Miligramu chache zinayeyushwa katika kichupa cha kioo chenye upana wa milimita 5, kisha kichupa kinashushwa ndani ya sumaku. Baada ya dakika chache mchoro unatokea.

Kinini kina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni bapa kama sahani: pete mbili za atomi zilizoshikana. Ya pili ni kama kikapu kidogo kilichofungwa, chenye azoti kwenye kona moja. Kati ya sahani na kikapu kuna kaboni moja inayobeba oksijeni na hidrojeni, kama bawaba kati ya mlango na ukuta.

Hidrojeni za sahani zinaitika upande mmoja wa mchoro, mbali na nyingine. Kwenye ukingo wa sahani kuna kaboni yenye hidrojeni tatu, iliyoshikwa kwa oksijeni, nayo inatoa kilima kimoja kirefu na chembamba. Juu ya kikapu kuna mkia mdogo wa kaboni mbili, na hidrojeni zake tatu zinaonekana mahali pake peke yake. Jambo hilo lina faida kiwandani: ganda la kinkina hutoa pia hidrokinini, ndugu wa kinini ambaye mkia wake umeongezewa hidrojeni mbili. Ladha na rangi havitakuambia chochote, lakini kwenye mchoro hidrojeni za mkia zinahama kutoka mahali pake.

Hadi hapo tumejua vipande. Umbo linajulikana kwa njia mbili zaidi.

Ya kwanza ni majirani. Hidrojeni mbili zilizo kwenye kaboni zinazofuatana zinasikilizana, na kila moja inagawa kilima cha mwenzake kuwa viwili. Nafasi kati ya vilima hivyo hubadilika kulingana na pembe iliyopo kati ya hidrojeni hizo. Mwaka 1959 Martin Karplus alieleza uhusiano huo kwa hesabu. Tangu hapo mwanakemia anaweza kupima nafasi kwenye karatasi na kujua bawaba imefunguka kwa pembe gani.

Ya pili ni ukaribu. Hidrojeni mbili zinaweza kuwa mbali kwa mpango wa kushikana, lakini molekuli ikijikunja zinakaribiana. Ukigusa moja kwa wimbi la redio, nyingine inabadilika nguvu kidogo. Athari hiyo inaitwa kwa jina la Albert Overhauser, aliyeeleza kanuni yake mwaka 1953. Inapungua haraka sana: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inashuka mara 64. Kwa kawaida, zaidi ya nusu ya nanomita haionekani tena. Kwa hiyo ikionekana, mtafiti anajua kwamba hidrojeni hizo zinakaribiana sana. Akikusanya alama nyingi za namna hiyo, anachora umbo zima, kama mtu anayechora ramani ya kijiji kwa kuuliza kila nyumba ni nani anayesikia mtoto wa nani akilia.

Kwa njia hizo mbili, kinini na kinidini haviwezi kujificha. Mizani inaviona sawa. RMN inaona kwamba kona zake zinaelekea tofauti.

Molekuli haitulii

Kabla ya RMN, njia kuu ya kuona umbo la molekuli ilikuwa miale ya X. Njia hiyo bado ni ya maana sana, lakini inataka kitu kilichoganda katika fuwele, ambamo molekuli zimepangwa kama matofali na hazitembei. Mwilini dawa haiko hivyo. Iko ndani ya maji ya damu, inajipinda na kugeuka. RMN inaweza kuitazama ikiwa bado katika kimiminika.

Mwaka 1989 kundi lililokuwa na wanakemia wa Groningen, Uholanzi, lilitumia RMN pamoja na hesabu za kompyuta kuchunguza dawa za ganda la kinkina. Waliona kwamba molekuli hizo zina maumbo makuu manne. Katika mawili, kikapu kimefunga na azoti yake inatazama sahani. Katika mengine mawili, kikapu kimefunguka na azoti inatazama nje. Mwaka 1998 watafiti wa Zürich, Uswisi, walitazama sinkonidini, molekuli nyingine ya ganda hilohilo, katika vimiminika vya aina mbalimbali. Waliona kwamba kimiminika kikibadilika, sehemu ya molekuli zilizo wazi na sehemu ya zilizofunga inabadilika pia.

Maana yake ni nini kwa mgonjwa? Ni kwamba dawa haina picha moja ya kudumu. Umbo lake linategemea mahali ilipo. Kidudu cha malaria huishi ndani ya chembe nyekundu ya damu na kula hemoglobini. Katika kula huko kinabaki na taka yenye chuma, inayoitwa hemu, ambayo ni sumu kwake. Ili kisife, kinaigandisha taka hiyo kuwa fuwele. Maelezo yanayokubaliwa na watafiti wengi ni kwamba kinini kinaingia katika kifuko cha chakula cha kidudu, ambamo mna asidi, na kuzuia hemu isigande. Humo ndani azoti ya kikapu inapokea hidrojeni ya asidi, na mwelekeo wa azoti hiyo pamoja na ile oksijeni ya katikati ndio unaoamua kama dawa itashika hemu vizuri. Sasa tunaelewa kwa nini kugeuza kona moja kuliondoa karibu nguvu yote.

Kazi hii haikuishia kwenye molekuli ndogo. Mswisi Richard Ernst alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1991 kwa kuifanya RMN iwe ya haraka na yenye kuona zaidi, na mwenzake wa Zürich, Kurt Wüthrich, alipewa sehemu ya tuzo hiyo mwaka 2002 kwa kuonyesha namna ya kusoma umbo la proteini ndani ya maji. Proteini ina maelfu ya atomi, na ndizo dawa nyingi hulenga.

Kidonge hakijulikani kwa rangi

Watu wa mashariki ya Congo wana sababu yao ya kujali habari hizi. Kati ya mwisho wa 2014 na katikati ya 2015, kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, katika pande za Ituri, mamia ya wagonjwa walifika kwenye vituo vya afya shingo zimepinda, uso na ulimi vikikakamaa. Wengi wao walikuwa watoto. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Vipimo vya maabara nje ya nchi vilionyesha jambo lingine: vidonge vya manjano vilivyoandikwa diazepamu havikuwa diazepamu. Ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Mwezi wa saba 2015 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa onyo.

Mkebe ulikuwa na jina. Kidonge kilikuwa na rangi. Muuguzi hakuwa na njia ya kuona molekuli. Ukweli ulijulikana baada ya watu kulazwa, kwa sababu hapo tu ndipo sampuli zilifika mahali penye mashine za kupima.

RMN si mashine pekee ya kazi hiyo. Maabara za dawa hutumia zaidi njia nyingine za bei ndogo kwa ukaguzi wa kila siku. Faida ya RMN ni kwamba haihitaji kujua mapema kitu inachokitafuta. Inaonyesha kila kilichoyeyuka chenye hidrojeni, hata kile ambacho hakuna aliyekitegemea. Inaweza pia kutoa kiasi, kwa kuwa ukubwa wa kilima unafuata idadi ya hidrojeni. Huko Toulouse, Ufaransa, wanakemia wameitumia kuchunguza dawa bandia za malaria, wakitenganisha kwenye mchoro vitu vilivyochanganywa ndani ya kidonge kimoja kulingana na mwendo wa kila molekuli katika kimiminika.

Heliamu, umeme na meza

Kwa nini basi mashine hizi ni chache katika Afrika ya kati? Bei ni sababu ya kwanza, lakini si ya pekee. Sumaku kali imetengenezwa kwa nyaya zinazopitisha umeme bila kizuizi, mradi tu zibaki katika baridi ya digrii 269 chini ya sifuri. Baridi hiyo inaletwa na heliamu ya maji, na heliamu inavukiza polepole. Lazima iongezwe kila baada ya muda, na ni gesi ambayo mara kwa mara inaadimika sokoni hata katika nchi tajiri.

Kuna jambo la kushangaza kwa watu waliozoea kukatiwa umeme na SNEL. Sumaku ya namna hii ikishajazwa umeme mara moja, umeme huo unaendelea kuzunguka ndani yake miaka na miaka bila kuongezwa. Umeme wa mji ukikatika, sumaku inaendelea. Kinachozimika ni redio na kompyuta. Adui mkubwa wa sumaku ni kukosa heliamu: ikiisha, nyaya zinapata joto na nguvu yote inapotea kwa muda mfupi.

Miaka ya karibuni zimetokea mashine ndogo za kuwekwa mezani. Zinatumia sumaku ya kudumu, hazitaki heliamu, na zinaweza kufanya kazi kwa umeme wa kawaida. Nguvu yake ni ya megahertz 60 hadi 100, kwa hiyo vilima vya mchoro hukaribiana na vingine kupandana. Hazitoshi kusoma proteini. Lakini kutambua kama unga ni kinini ama chokaa, ama kama pombe ina methanoli, ni kazi wanayoweza kuifanya wanafunzi wa chuo kikuu.

Na kwa nchi inayouza ganda, hilo si jambo la elimu tu. Bei ya ganda la kinkina inategemea kiasi cha kinini kilichomo, na magunia mawili ya uzito mmoja yanaweza kuwa na thamani tofauti. Katika biashara ya namna hiyo, mwenye kipimo ndiye anayesema bei, na asiye nacho anakubali.

Kuhusu matumizi, mambo yamebadilika. Mwaka 2010 utafiti uliofanywa kwa watoto 5425 katika nchi tisa za Afrika, Congo ikiwa moja yake, ulionyesha kwamba kwa malaria kali sindano ya artesunati inaokoa zaidi: kati ya waliopewa kinini walikufa asilimia 10.9, na kati ya waliopewa artesunati asilimia 8.5. Tangu hapo artesunati imechukua nafasi ya kwanza, na kinini kimebaki kama msaada mahali ambapo dawa nyingine haipo ama haifai. Kuchemsha ganda nyumbani si njia ya kujitibu: hakuna anayejua ni kinini kiasi gani na kinidini kiasi gani zimeingia kikombeni, na tumekwisha kuona kwamba ya pili inagusa moyo.

RMN nayo ina mpaka wake. Molekuli mbili ambazo moja ni kivuli cha nyingine kwenye kioo, kama mkono wa kulia na wa kushoto, zinatoa mchoro mmoja. Mashine peke yake haiwezi kuzitenganisha. Wanakemia wanatatua shida hiyo kwa kuongeza ndani ya kichupa molekuli ya tatu yenye umbo la upande mmoja, ambayo inashikana na mkono wa kulia tofauti na inavyoshikana na wa kushoto. Hapo vilima vinaachana. Molekuli mojawapo iliyoonekana kufaa kwa kazi hiyo, na ambayo imetumika maabarani tangu miaka ya 1980, inatoka katika ganda la kinkina. Ni kinini.